Kompyuta Haikuingia Stoo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu karatasi moja ambayo wenye karakana wengi huichapisha mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka, wakautazama mstari wake wa mwisho tu, wakaikunja na kuitia katika mtoto wa meza, wasiitazame tena mpaka mwezi mwingine. Karatasi hiyo, katika hizi programu za kompyuta zinazotumika siku hizi kuendeshea gereji, ndiyo ripoti ya thamani ya stoo. Na kazi yake ni kumwambia mwenye mali kwamba vipuri vyake vyote vilivyomo ghalani, tangu injini nzima mpaka nati ndogo, kwa gharama alizovipatia, jumla yake ni shilingi kadha wa kadha.

Kabla sijaingia katika tafsili ya jambo lenyewe, niruhusuni niwasimulie kisa nilichokiona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa mwaka jana nilikwenda katika karakana moja hapa Tanga kulichukua gari la ndugu yangu. Nilipoingia ofisini nikakuta kimya kizito. Mwenye karakana, mtu wa makamo aliyeianza kazi hiyo chini ya mwembe na kisanduku kimoja cha spana, alikuwa ameishika ripoti hiyo mkononi, na mbele yake amesimama kijana mtunza stoo, ambaye alikwisha kuzivua funguo shingoni mwake na kuziweka juu ya meza.

“Karatasi yasema klachi pleti za Hiace ni nne,” mzee alisema. “Rafuni nimezikuta mbili. Mbili nyingine ziko wapi?”

Kijana akajibu, kwa sauti ya chini, “Baba, mimi sikuziuza. Zimetoka kwa kazi.”

Yule mzee alikuwa bado anaitazama karatasi yake wakati fundi mkuu, aliyekuwa amelala chini ya gari uani na kuyasikia maneno yote kupitia dirishani, alipoita kwa sauti kubwa: “Mzee, moja iko humu, nimeifunga leo asubuhi! Na ya pili imo katika ile Hiace ya buluu pale langoni, twangoja gasketi tu!”

Mzee alinyanyuka, akaenda mpaka langoni, akainama chini ya ile Hiace ya buluu, akarudi, akazichukua funguo juu ya meza na kumrudishia kijana mkononi mwake, akamwambia, “Niwie radhi, mwanangu.”

Sasa nawauliza, wasikilizaji wangu: kosa lilikuwa la nani? Kijana hakuwa na taksiri yoyote. Kompyuta nayo haikusema uwongo, kwa maana ilisema kile ilichoambiwa. Programu ile ilipangwa hivi, kwamba kipuri kitokapo rafuni kwenda kufungwa garini, huandikwa katika kadi ya kazi ya gari lile, walakini hakipunguzwi katika hesabu ya stoo mpaka siku itakapotolewa ankara ya mteja. Zipo programu nyingine ambazo hukipunguza papo hapo, zikakihamishia katika hesabu ya kazi zisizokwisha. Njia zote mbili zatumika, na kila moja ina hoja yake. Lakini mwenye karakana asiyejua programu yake yafuata ipi ataishika karatasi ya kweli na kuisoma kwa uwongo, na kwa uwongo ule atamdhulumu mtu aliyemwamini funguo.

Kwa hiyo neno langu la kwanza, ambalo nitalirudia tena na tena ili likae, ni hili: kompyuta haikuingia stoo. Haijui kilichomo rafuni. Inajua tulichokiandika sisi, kwa vidole vyetu, siku tuliyokiandika; na ripoti ya thamani ya stoo si habari za rafu, bali ni habari za maandishi yetu.

Siku chache baada ya kisa kile, mzee yule, kwa kuwa anajua kwamba nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, aliniita tukae pamoja tuisome ripoti yake kwa utulivu. Nilimwomba jambo moja, kwamba asiutazame kwanza ule mstari wa mwisho wenye jumla, maana jumla humfumba mtu macho. Nikamwambia tuanze na safu za ubavuni: namba ya kipuri, jina lake, idadi yake, gharama ya kimoja, kisha thamani, ambayo ni idadi mara gharama. Je, tutafute nini humo? Tutafute idadi zilizo chini ya sifuri, tutafute gharama zilizo sifuri, na tutafute vile vipuri vichache vinavyochukua fungu kubwa la fedha yote.

Tulianza na vilivyo chini ya sifuri. Filta za oili za gari dogo ziliandikwa kwamba ziko tatu kasoro, yaani, kwa mujibu wa kompyuta, rafuni pana upungufu wa filta tatu. Je, yamkini kitu kikawa chini ya hakuna? Haiwezekani, na mtunza stoo akatuonyesha boksi la filta pale pale. Yaliyotokea ni kwamba mzigo ulifika Jumatatu pamoja na hati ya kupokelea, mafundi wakazichukua filta Jumanne, na karani akauingiza mzigo ule katika kompyuta Ijumaa, ankara ya muuzaji ilipofika. Baina ya Jumanne na Ijumaa kompyuta iliona vitu vikitoka ambavyo kwake havikupata kuingia. Na madhara yake si ya idadi peke yake, kwa sababu kompyuta huzidisha kasoro tatu kwa gharama, ikaipunguza jumla nzima, na wewe usione mahali ilipopunguzwa.

Vilivyo na gharama ya sifuri vilikuwa plagi za aina mbili, zilizopokewa bila bei kuandikwa, kwa kungojea ankara. Ankara ikaja, ikalipwa, na hakuna aliyekumbuka kurudi kuiandika ile bei. Basi plagi zile zilikaa rafuni kana kwamba zimeokotwa njiani.

Lakini, wasikilizaji wangu, jambo lililonishika kwa muda mrefu, na ambalo nataka mlitazame kwa makini, lilikuwa oili ya injini. Karakana ile hununua oili kwa dumu la lita 5 na huitoa kwa lita, kwa kuwa gari moja hunywa lita tatu na nusu na jingine hunywa lita sita. Ripoti ilisema lita 120 za oili zina thamani ya shilingi 6,000,000. Mzee hakuona ajabu, maana oili ni ghali na kila mtu anajua kwamba ni ghali. Nikamwomba mtunza stoo atuhesabie madumu. Akaingia ndani, tukamsikia akihesabu kwa sauti, akatoka na kusema, “Yapo 24, na yote yamefungwa.” Naam, madumu 24 ya lita 5 ni lita 120, idadi ni sawasawa. Basi tukaitazama ankara: dumu moja lilinunuliwa kwa shilingi 50,000. Madumu 24 mara 50,000 ni shilingi 1,200,000. Hizo 4,800,000 za juu zimetoka wapi? Zimetoka hapa, kwamba karani aliandika idadi kwa lita, na bei akaiandika ya dumu. Kompyuta, ambayo haikuingia stoo wala haikupata kuliona dumu, ikaamini kwamba lita moja ya oili ni shilingi 50,000.

Tazameni jinsi kosa hili lilivyo la hatari kuliko wizi. Mwizi akichukua dumu, rafu huonyesha pengo. Hapa hapakuwa na pengo. Idadi ilikuwa timamu, rafu imejaa, na mtu ahesabuye vitu tu asingegundua lolote mpaka siku ya kiama. Ndiyo sababu nasema kwamba kuhesabu rafu hakutoshi bila kuzitazama ankara, wala kuzitazama ankara hakutoshi bila kuhesabu rafu. Na mzee yule alikuwa karibu kuipeleka ripoti ile benki kuombea mkopo, jambo ambalo lingemweka mtu mwaminifu mahali pa mtu mdanganyifu, ilhali hakukusudia kumdanganya mtu.

Sasa huenda msikilizaji mmoja akauliza, “Bwana, hiyo gharama yenyewe ni ipi?” Ni swali jema. Gharama si ile bei iliyoandikwa katika ankara peke yake. Ukiagiza shokamzoba kutoka Dubai, zikashuka bandarini Dar es Salaam, ukalipa ushuru wa forodha, ukamlipa wakala wa kuzitoa, ukalipa nauli ya lori mpaka Tanga, gharama hizo zote ni sehemu ya gharama ya shokamzoba, na kila moja yapasa ibebe fungu lake. Isiyoingia ni ile Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, ikiwa wewe umesajiliwa na unaidai kurudishiwa. Asiyesajiliwa, kwake kodi ile haina marejeo, basi ni gharama kama gharama nyingine. Na kamwe, nasema kamwe, usiipange ripoti yako ihesabu kwa bei ya kuuzia. Faida ya kipuri ambacho bado kimo ndani ya boksi lake si faida bado, na mwenye kuila faida hiyo anakula mtaji wake.

Kuna na suala la bei zinazobadilika. Chukua mfano mdogo: umenunua filta 10 kwa shilingi 8,000 kila moja, kisha shilingi yetu ikashuka mbele ya dola, ukanunua nyingine 10 kwa shilingi 10,000. Mafundi wakatumia 12. Nane zilizobaki zina thamani gani? Ukifuata kanuni kwamba iliyoingia kwanza ndiyo itokayo kwanza, zilizobaki zote ni za bei mpya, basi ni shilingi 80,000. Ukifuata wastani, kila moja ni shilingi 9,000, basi ni shilingi 72,000. Filta ni zile zile, rafu ni ile ile, na majibu ni mawili. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu ihusuyo bidhaa ghalani, ile ya namba 2, yaziruhusu njia zote mbili hizo. Ile ya tatu, ya kudhani kwamba kilichoingia mwisho ndicho kilichotoka kwanza, ilikatazwa katika kanuni hiyo tangu mwaka 2005, ingawa Marekani, ambao wana kanuni zao wenyewe, wangali wakiitumia. Rai yangu ni kwamba karakana ishike wastani kwa vitu vidogo vinavyofanana, kama filta, oili na nati. Na kwa injini na giaboksi, ambazo kila moja ina namba yake na bei yake, ishike gharama halisi ya kitu chenyewe. Lakini ukishachagua, usigeuze kila mwaka kwa kufuata jibu linalokupendeza.

Na sasa natufike kwenye rafu ya juu kabisa, ile ambayo hufikiwa kwa ngazi. Karibu kila karakana ya zamani ina rafu hiyo. Katika rafu ya juu ya mzee yule tulikuta kabureta mbili za Peugeot 504, mpya, ndani ya maboksi yao, vumbi limelala juu yake kama unga. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, lililobeba maharusi, wagonjwa na magunia ya nazi bila kulalamika. Mzee alizipangusa kwa kiganja chake, na mimi nilielewa kwa nini hakupenda kuziteremsha. Kabureta zile ziliingizwa katika kompyuta siku walipohamisha daftari la karatasi, kwa bei ile ile ya daftari, na tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, ripoti imekuwa ikizihesabu kwa thamani kamili, na hakuna gari lililokuja kuziomba.

Hapo kanuni yasema wazi, na maneno yake yana busara: bidhaa iandikwe kwa gharama yake, au kwa kile utakachokipata ukiiuza baada ya kutoa gharama za kuiuza, kwa kutazama kilicho kidogo. Ikiwa kipuri ulikinunua kwa shilingi 60,000, na leo mnunuzi atakupa 25,000, na kumpelekea kwa basi kutakugharimu 5,000, basi thamani yake katika vitabu vyako ni shilingi 20,000, na zile 40,000 ni hasara ambayo imekwisha kutokea, uandike au usiandike. Programu nyingi zina safu ya tarehe ya mwisho kipuri kilipotumika. Iombeni safu hiyo ionekane katika ripoti, mkaipange ripoti kwa tarehe hizo, nanyi mtaiona rafu yenu ya juu bila kupanda ngazi.

Fauka ya hayo, wapo miongoni mwetu wanaoihitaji ripoti hii kwa ibada. Mfanyabiashara Mwislamu, mwaka wake wa zaka unapotimia, na mali yake ikafikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachoipasa zaka, hutakiwa kukadiria bidhaa zake za biashara na kutoa sehemu moja katika 40. Je, aichukue ripoti ya kompyuta kama ilivyo? Kwa kauli ya wanazuoni wengi, bidhaa za zaka hukadiriwa kwa bei ya sokoni ya siku ile, si kwa gharama ya zamani. Basi ripoti itamfaa kwa idadi, lakini bei itampasa azitafute upya. Jeki, mashine za kupimia na spana za mafundi hazimo, kwa kuwa ni zana za kazi wala si bidhaa za kuuza; na ikiwa karani ameziingiza katika stoo pamoja na vipuri, ni lazima ziondolewe kwanza. Mwenye shaka amwulize mwanachuoni wake. Ninalotaka mlione ni kwamba benki inauliza swali lake, mkaguzi wa kodi analo lake, na zaka ina lake, na karatasi moja haiwezi kuyajibu maswali matatu kwa tarakimu moja.

Nimalizie na jambo la tarehe, maana wengi huteleza hapo. Ukiiomba programu ripoti ya tarehe 31 Desemba, na leo ni tarehe 9 Januari, hakikisha kwamba inarudi nyuma kweli kweli, kwa idadi na kwa gharama za siku ile, kwa sababu zipo programu ambazo hukuandikia tarehe ya Desemba juu ya karatasi na vitu vya Januari ndani yake. Utajuaje? Chukua kipuri kimoja ulichokinunua tarehe 3 Januari, ambacho hukuwa nacho kabla. Kikiwamo katika ripoti ya Desemba, ripoti hiyo si ya Desemba. Afadhali kuichapisha usiku ule ule wa kufunga mwaka, kabla kipuri cha kwanza hakijatoka asubuhi, ukaitia sahihi na kuihifadhi pamoja na karatasi za kuhesabia.

Basi, ndugu zangu wenye karakana, nawaomba jambo moja, nalo halihitaji fedha wala fundi wa kompyuta. Jumamosi hii, kabla ya kufunga milango, chapisheni ripoti ya thamani ya stoo, mchague humo vipuri 10: vitano vyenye fedha nyingi kuliko vyote, na vitano vyovyote vile. Mwenye karakana aishike karatasi, mtunza stoo aingie ndani ahesabu kwa sauti, na ankara ya kila kipuri iwe mezani. Fanyeni hivyo kila Jumamosi, kwa vipuri vingine 10. Na ikitokea tofauti, kabla hamjamwuliza mtu yeyote alikokipeleka kipuri, zitazameni kwanza kadi za kazi za magari yote yaliyoko uani, hata lile lililoko langoni.

Kijana yule wa Tanga bado ndiye mwenye funguo.